Haraka Isiyo na Baraka: Mazungumzo Juu ya Mume Anayemaliza Mapema

*Haya ni maneno ya mfanyakazi wetu wa huduma za jamii, aliyoyasema mbele ya vikundi vya mwethya vilivyokutana Machakos. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Ni ya watu wazima, na ingefaa mume na mke wayasome pamoja.*



Siku nyingine nikisimama hapa tunaongea juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji, hesabu za kikundi na karo ya watoto. Leo somo ni lingine. Wenyeviti wenyewe ndio walioniomba. Walisema, "Mama, kuna jambo linavunja nyumba zetu na hakuna mtu analitaja." Basi leo tutalitaja. Ni jambo la mume kumaliza mapema, yaani kumwaga mbegu upesi kuliko yeye na mkewe wanavyotaka, mara nyingine hata kabla ya kumwingilia mke.

Naona wengine wanaangalia chini na wengine wanacheka. Chekeni, si vibaya, mradi tusimcheke mtu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ugonjwa wa mbuzi tunautangaza kijiji kizima hadi daktari wa mifugo aje. Kwa nini shida ya nyumba ifichwe miaka 15?

Kwa nini ni jambo la kikundi

Mtu anaweza kuuliza, mambo ya kitandani yanahusu nini maendeleo? Yanahusu sana. Wanaokuja kwangu kwanza ni akina mama. Mama haji kusema, "Mume wangu anamaliza mapema." Anakuja kusema kwamba mume amekuwa mkali bila sababu, au siku hizi analala sebuleni, au akirudi kutoka kazini Athi River mwisho wa mwezi anakunywa kwanza hadi usiku wa manane ndipo aingie nyumbani. Ukikaa naye na kumsikiliza, chini kabisa ya maneno hayo unakuta hili. Mume ana aibu, na aibu ya mwanamume mara nyingi huvaa nguo za hasira.

Mama mwingine alikuja kwa sababu pesa za mzunguko zilikuwa zimepotea. Alikuwa mweka hazina. Mume wake alichukua Sh. 4,500 kutoka kwenye sanduku, akanunua chupa mbili za dawa kwa mtu aliyekuwa akitangaza kwa kipaza sauti siku ya soko. Dawa haikusaidia. Kikundi kilimwita mama mwizi, naye alinyamaza, kwa kuwa kusema ukweli kungemvua mume wake nguo mbele ya watu. Mnaona? Kikundi kilitaka kuvunjika kwa jambo ambalo tabibu wa zahanati angelizungumza nao bila kelele na bila chupa hata moja.

Na kuna wale wanaoitwa tasa. Mume kumaliza mapema hakuzuii mimba ikiwa mbegu zimeingia mahali pake. Lakini kama mbegu zinamwagika nje kila mara kabla ya kuingia, mtoto atatoka wapi? Mwaka wa kwanza unapita, wa pili unapita, mama mkwe anaanza kusema. Anayelaumiwa ni msichana wa watu, na siri anayo mwanamume.

Ni nini hasa

Tuanze na kipimo, kwa sababu wengi wanajiona wagonjwa na si wagonjwa. Vijana wanasikia hadithi za mwanamume anayekaa saa nzima. Wengine wanaona picha chafu kwenye simu wakadhani huo ndio ukweli. Hizo ni picha za biashara, zimekatwa na kuunganishwa.

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa wanandoa wapatao 500 kutoka Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani. Kila mke alipewa saa ya kuhesabu, akaanza kuhesabu mume alipoingia na kuisimamisha mume alipomaliza. Mtu wa katikati kati ya hao wote alichukua dakika 5 na kitu. Sio 30, wala sio 60. Aliyekuwa mwepesi zaidi alichukua karibu nusu dakika, na aliyechelewa zaidi dakika 44. Kwa hiyo mzee unayemaliza kwa dakika 4 na kujiita mgonjwa, wewe uko pamoja na wengi.

Mwaka 2014 chama cha kimataifa cha madaktari wa mambo haya kilikubaliana juu ya maana yenyewe. Walisema lazima mambo matatu yawepo pamoja. Kwanza, muda: kwa yule aliyekuwa hivyo tangu mara yake ya kwanza, anamaliza karibu kila mara kabla ya kuingia au ndani ya dakika 1 hivi, kwa yule aliyekuwa mzima halafu akabadilika, muda wake umepungua sana hadi dakika 3 au chini. Pili, hawezi kujizuia, yaani hata akitaka kuchelewa anashindwa. Tatu, jambo lenyewe linamsumbua, linamtia huzuni au linamfanya akimbie kitanda cha mkewe.

Na lisiwe jambo la usiku mmoja. Mtu aliyekaa miezi 3 mbali na nyumba akimaliza upesi usiku wa kwanza, huo si ugonjwa, hiyo ni hamu. Madaktari hutaka hali iwe imeendelea kama miezi 6 ndipo waipe jina.

Uko peke yako? Hapana. Ukiwauliza wanaume kama wanamaliza mapema kuliko wanavyotaka, watu 20 hadi 30 kati ya 100 husema ndiyo. Lakini ukipima kwa kipimo kile kikali cha dakika 1, wanabaki wachache sana, kama 4 kati ya 100. Maana yake wengi wanaosumbuka hawahitaji dawa. Wanahitaji kujua ukweli na kuongea na wake zao.

Hutokana na nini

Yule aliyekuwa hivyo tangu ujana, mara nyingi ni umbile. Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo serotonini, nayo ni kama breki. Kwa watu wengine breki hiyo hushika upesi, kwa wengine huchelewa. Hakuna aliyejichagulia breki yake.

Yule aliyebadilika ukubwani ana sababu za kutafutwa, na hapa ndipo nataka akina baba wa miaka 40 na kuendelea wasikie vizuri. Inaweza kuwa maambukizo ya tezi dume. Inaweza kuwa tezi la shingo linafanya kazi kupita kiasi. Na mara nyingi ni uume kutosimama vizuri. Mwanamume akiogopa kwamba utalala katikati ya safari, anaharakisha. Watu wanasema shida ni haraka, kumbe shida ni nguvu, na nyuma ya nguvu iko kisukari au presha. Nilimwona mzee mmoja wa miaka 52 aliyehangaika na mizizi kwa karibu mwaka mmoja. Alipokubali kwenda hospitali walimpima damu, sukari ikawa juu sana. Kile alichokiona kuwa aibu ndicho kilichomwonyesha ugonjwa kabla haujamla macho na miguu.

Halafu iko hofu yenyewe. Leo umemaliza mapema, kesho unaingia kitandani ukiwaza, "Itakuwa tena?" Moyo unapiga, misuli inakaza, na inakuwa tena. Ongeza deni la sako, ongeza ukame, ongeza nyumba ya chumba kimoja ambapo watoto wanalala nyuma ya pazia na mambo lazima yaishe kabla mmoja hajageuka. Mtu aliyezoea kuharakisha atachelewaje?

Yasiyo kweli

Nimesikia mengi. Niyajibu moja moja.

*Ni uchawi, au ni laana ya mahari isiyomalizika.* Mahari malizeni, ni haki ya watu, lakini haihusiani na hili.

*Ni kosa la mke, amempoa mumewe.* Hapana. Mwanamume aliye na hali hii tangu ujana angekuwa nayo karibu kwa mke yeyote. Wale waliokwenda kujaribu nje wamerudi na shida ileile, na wengine wamerudi na Ukimwi juu yake.

*Ni kwa sababu ya kutahiriwa, au kutotahiriwa.* Hili tunalo jibu hapa Kenya. Kisumu vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Nusu walitahiriwa mara moja na nusu wakangoja. Majibu kuhusu mambo ya kitandani yalichapishwa mwaka 2008. Mwanzoni karibu robo ya vijana wa kila upande walisema wana shida fulani, na kumaliza mapema ilikuwa mojawapo ya shida walizoulizwa. Baada ya miaka miwili waliobaki na shida walikuwa kama 6 tu kati ya 100, na pande zote mbili zilikuwa karibu sawa. Kwa hiyo kisu hakileti jambo hili na hakiliondoi. Na tuone hili pia: wengi wa vijana hao walipata nafuu jinsi miaka ilivyokwenda. Kijana aliyeoa mwezi uliopita, usijihukumu.

*Pombe inasaidia.* Pombe inaweza kupunguza hisia usiku mmoja. Lakini ikizoeleka inaondoa nguvu yenyewe, na pamoja nayo ng'ombe na shamba.

Chupa za sokoni

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Zile dawa za nguvu za kiume zinazouzwa steji, za unga, za asali na za vidonge visivyo na jina, hamjui kilichomo. Mwaka 2022 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilipima asali za nguvu za namna hiyo, ikakuta zimetiwa tadalafili na sildenafili, dawa za hospitali za kusimamisha uume, bila kuandikwa popote kwenye pakiti. Mtu anayekunywa dawa fulani za moyo akila asali hiyo, presha yake inaweza kuanguka ghafla akafa. Na zaidi ya hayo, dawa hizo kazi yake ni kusimamisha. Kama shida yako ni haraka na uume unasimama vizuri, umenunua jembe la kukatia nyasi.

Kuna vijana wanaotumia tramadoli, dawa ya maumivu makali, kwa sababu wamesikia inachelewesha. Ni kweli inaweza kuchelewesha. Lakini pia inafunga mtu kama kamba, hawezi kuiacha, na ikizidi humwangusha kwa kifafa. Tusiiguse bila daktari.

Mfanye nini

Sasa tuje kwenye kazi. Sisi watu wa Machakos tunajua habari ya kuzuia kitu kinachokimbia. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali waliona milima yetu ikioshwa na mvua, wakaandika kwamba nchi hii imekwisha. Mvua ilikuwa ikinyesha, lakini maji yalipita mbio yakaenda na udongo. Babu na nyanya zetu walichimba matuta, wakachimba fanya juu, mwethya kwa mwethya, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1994 watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki walitoa kitabu kuonyesha kwamba watu wameongezeka zaidi ya mara tano na bado ardhi imetunzwa kuliko mwanzo. Maji hayakupigwa wala hayakutukanwa. Yalifundishwa kusimama kidogo. Mwili nao hufundishwa hivyo, na kazi hii hufanywa na watu wawili.

*La kwanza, ongeeni.* Si usiku ule ule jambo limetokea, maana moyo bado unauma. Ongeeni mchana, mkipalilia au mkitoka kisimani. Mume aseme, "Jambo hili linanisumbua, nisaidie." Mke asijibu kwa kicheko. Kwa nyumba nyingi, nusu ya mzigo hutuliwa hapo.

*La pili, punguzeni mbio za mwanzo.* Wanawake wengi hawafiki kilele kwa kuingiliwa peke yake, hata mume akae dakika 20. Mke hufurahi kwa kupapaswa, kwa maneno na kwa kutopelekwa mbio. Mume akianza na hayo, na akiendelea kumjali mke hata baada ya yeye kumaliza, saa haina nguvu tena juu yao.

*La tatu, njia ya kusimama na kuendelea.* Daktari mmoja wa Marekani, James Semans, aliieleza mwaka 1956. Mke anamshika mume kwa mkono, taratibu. Mume anasikiliza mwili wake. Akiona karibu atafika, kabla ya ile hatua isiyorudi nyuma, anasema, "Ngoja." Wanasimama kama nusu dakika hadi hamu ishuke, kisha wanaanza tena. Wanafanya hivyo mara tatu, na ya nne wanaendelea hadi mwisho. Baada ya wiki kadhaa wanaingia katika tendo lenyewe, mke akiwa juu na kutulia, kisha kwenda polepole, na kusimama tena mume akisema.

*La nne, njia ya kubana.* Hii ilienezwa na William Masters na Virginia Johnson katika kitabu chao cha mwaka 1970. Ni kama ile ya kwanza, ila mnaposimama, kichwa cha uume hubanwa kwa kidole gumba chini na vidole viwili juu, kwa sekunde chache, bila kuumiza. Hamu hushuka, na uume unaweza kulegea kidogo. Msiogope, hurudi.

Niseme ukweli juu ya njia hizi mbili: wengi huona nafuu, lakini waliofuatiliwa baadaye, wengine walirudia hali ya zamani baada ya miaka michache. Ni kama tuta. Usipolirekebisha, mvua italibomoa. Mkiona mambo yanarudi nyuma, anzeni tena.

*La tano, mazoezi ya misuli.* Iko misuli chini ya nyonga, ile unayoikaza ukitaka kukata mkojo katikati. Ukishaijua, ikaze ukiwa umekaa au umesimama, si wakati wa kukojoa. Kaza kwa sekunde 3 hadi 5, legeza kwa muda huo huo, mara 10, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Unaweza kuyafanya ukiwa ndani ya matatu na hakuna atakayejua. Huko Italia mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanaume 40 waliokuwa na shida hii tangu ujana. Walifanya mazoezi haya wiki 12, wakisaidiwa na wataalamu wa viungo na mashine zao. 33 kati yao walipata nafuu, kutoka karibu nusu dakika hadi dakika 2 na zaidi. Watu 40 ni wachache, na huku nyumbani hatuna mashine zile. Lakini mazoezi hayana gharama na hayana madhara. Jaribu kwa miezi mitatu kabla ya kusema hayafai.

Hospitali ina nini

Kama hayo yote hayakusaidia, au kama hali imekuja ghafla ukubwani, nenda hospitali. Nenda pia mara moja ukiona maumivu wakati wa kukojoa au kumwaga, damu kwenye mbegu, uume usiosimama, kiu nyingi na kukojoa sana, au kukonda na moyo kwenda mbio. Muulize mhudumu wa afya wa kijiji akuelekeze. Sema tu, "Nina shida ya kiume, nataka kumwona tabibu faraghani." Inatosha.

Kama kuna ugonjwa mwingine, huo ndio utakaotibiwa kwanza. Kama hakuna, daktari anaweza kutoa mafuta ya ganzi, yenye lidokaini, ya kupaka kwenye kichwa cha uume dakika 10 hadi 20 kabla. Lazima yafutwe vizuri kabla ya kuingia, la sivyo mke naye atapata ganzi. Anaweza pia kutoa vidonge vya jamii ya dawa za kutibu huzuni kali, kama paroksetini. Vidonge hivyo huongeza ile serotonini ya breki. Kimojawapo, dapoksetini, kilitengenezwa kwa ajili ya shida hii hasa, na nchi za kwanza kukiruhusu zilikuwa Finland na Sweden, mwaka 2009. Dawa hizi zinasaidia kweli, lakini huchagua mtu: mwenye ugonjwa wa moyo au anayekunywa dawa nyingine amwambie daktari. Na yule anayemeza kila siku asiache ghafla. Asiazime za jirani.

Huko hospitali mnaweza kuambiwa pia habari ya mpira, kwa kuwa unapunguza hisia. Mafundisho ya Kanisa letu mnayajua. Lakini kama ndani ya nyumba kuna Ukimwi au ugonjwa wa zinaa, hayo ni mambo ya uhai. Sikilizeni daktari, na mkiwa na swali la dhamiri nendeni kwa padre wenu. Msikae nyumbani na swali.

Je, ni dhambi kuongea haya?

Mama mmoja aliniuliza kama ni vizuri Mkristo kutaka raha ya ndoa. Nikamjibu kwamba Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alisema mume ampe mke haki yake na mke hali kadhalika. Hakutaja upande mmoja tu. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, yule aliyetutembelea Kenya mwaka 1980, 1985 na 1995, aliandika kitabu juu ya upendo na wajibu mwaka 1960, alipokuwa bado askofu msaidizi kule Kraków. Alieleza wazi kwamba mwili wa mke hauendi kwa kasi sawa na wa mume, na kwamba mume anayempenda mkewe anapaswa kuujali mwendo huo ili raha iwe ya wote wawili. Mwaka 2016 Papa Fransisko naye aliandika kwamba hamu ya mume na mke ni zawadi ya Mungu. Basi anayejifunza kumngoja mkewe yuko ndani ya ndoa yake barabara.

Neno la mwisho kwa kila upande

Akina mama: maneno yetu yanaweza kujenga au kubomoa. Usimlinganishe mumeo na mtu. Usipeleke habari kisimani. Lakini pia usijifanye umeridhika miaka yote huku moyo unakauka. Mwambie kwa upole. Hawezi kurekebisha asichokijua.

Akina baba: hii si hukumu juu ya uanaume wenu. Kuna wanaume wamelima matuta kwa mikono yao na kusomesha watoto sita, halafu wanajiona si kitu kwa sababu ya dakika mbili. Usimpige mke kwa aibu yako. Usiguse pesa za kikundi. Nenda kwa tabibu, au uje tuongee. Na kama unaona haya kuongea na mwanamke, tutakutafutia mwanamume.

Haraka haraka haina baraka, tulifundishwa tukiwa watoto. Sasa tunajua inafaa mpaka wapi. Mungu awabariki.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

*Akina baba na akina mama wakae mbali mbali kwanza, kisha wakutane. Mtu asitaje jina la mtu.*

1. Ni maneno gani tunayotumia kumcheka mwanamume mwenye shida hii? Tunaweza kuyaacha vipi?
2. Katika soko letu, nani anauza dawa za nguvu? Mwaka uliopita pesa kiasi gani zilitoka nyumbani mwetu kwa njia hiyo?
3. Mke asipopata mtoto, je, huwa tunampeleka mume naye kupimwa?
4. Kikundi chetu kinaweza kumwalika tabibu siku gani aongee na wanaume, na siku hiyo hiyo apime sukari na presha?
5. Wanaofanya kazi mbali na nyumbani wakirudi, tunawapokeaje ili nyumba iwe mahali pa kupumzika?